Shajara ya mradi: kupima pengo la kipato Dodoma kwa kaya 60

12 Mei

Nimeamua kuandika hii shajara maana kila nikikutana na msimamizi wangu ananiuliza wiki hii umefanya nini, na mi nabaki nameza mate wakati nimezunguka na jua lote la Dodoma, vumbi mpaka kwenye kope. So kila kitu kitaingia humu, mazuri na ya aibu.

Mradi uko hivi: kaya 60, ishirini Chang'ombe (uswahilini), ishirini Ilazo (kwenye mageti), ishirini Hombolo (kijijini). Nataka kupima pengo la kipato kati yao. Najua 60 ni chache, msinianze. NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) kwenye utafiti wao wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 walifikia kaya zaidi ya 9,000 Tanzania Bara na walizunguka miezi 12 kamili ili mwezi wa mavuno na mwezi wa njaa vyote viingie. Mi nina miezi miwili, tableti mbili za kuazima na hela ya bodaboda. Sitoki na namba ya jiji wala ya taifa. Nachotaka ni kuona namba inavyopikwa, yani kuanzia mtu anavyokwambia "hata sijui natumia sh ngapi" mpaka inavyofika kwenye ripoti imeandikwa Gini 0.38 (hiyo ndo namba ya kupima pengo), hapo katikati kuna nini.

15 Mei

Asubuhi nzima nimekaa kijiweni namweleza mwenzangu (ndo mdodosaji wa pili, kasomea ualimu wa hisabati) Gini ni kitu gani. Nikamwambia panga kaya zote foleni, maskini mbele tajiri nyuma, afu tembea na foleni unahesabu wanakula kiasi gani cha sinia. Asilimia 20 ya kwanza wamekula kiasi gani, 40 ya kwanza kiasi gani, unaenda hivyo mpaka mwisho. Ukichora, unapata mstari uliolegea kama kamba ya kuanikia nguo, huo ndo mchoro wa Lorenz, Mmarekani, aliuchora 1905. Kama wote wanakula sawa kamba inanyooka. Mwaka 1912 Mtaliano Corrado Gini akaleta hesabu ya kugeuza huo ulegevu kuwa namba moja: 0 wote sawa, 1 mtu mmoja kabeba sinia zima.

Tukafanya mfano wa kubuni, kaya 5, matumizi ya mwezi kwa mtu mzima mmoja, kwa maelfu: 40, 60, 80, 120, 300. Unazidisha kila moja na nafasi yake kwenye foleni, 40 mara 1, 60 mara 2, mpaka 300 mara 5, unajumlisha unapata 2,380. Zidisha mara mbili, 4,760. Gawa kwa idadi ya kaya mara jumla ya hela, yani 5 mara 600, inakuja 1.587. Toa idadi ya kaya ukijumlisha moja, ugawe kwa idadi ya kaya, yani 6 gawa kwa 5, ambayo ni 1.2. Gini ni 0.39.

Mwenzangu kaangalia karatasi kasema, "Kumbe ndo hii tu?" Ndo hii tu ndugu yangu, kazi iko kwenye kuzipata hizo namba tano.

20 Mei

Majaribio ya dodoso. Swali la kwanza ndo tulilofeli: kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi. Dereva wa bajaji katucheka waziwazi. "Mwezi? Mi nahesabu kwa siku kaka. Napeleka hesabu kwa tajiri, naweka mafuta, kinachobaki ndo changu, na kuna siku hakibaki kitu." Mama wa vitumbua naye hela ya unga, ya mafuta, ya ada ya mtoto na ya mboga ya jioni vyote vinatoka kwenye pochi moja na vinarudi humohumo, sasa faida utaitenganishaje? Akajaribu kunisaidia kwa huruma, akasema andika laki mbili. Nikamuuliza umepataje hiyo laki mbili mama, akasema "si umetaka namba mwanangu".

Ndo maana Tanzania, na nchi nyingi tu za Afrika, wanapima matumizi badala ya kipato. Mtu hajui ameingiza nini mwezi huu ila anakumbuka jana kapima mafuta ya buku na nyanya fungu mbili za jero jero. Lakini hii njia ina gharama yake, na mi naona watu wengi hawaisemi. Mwenye nacho hali hela yake yote. Nyingine iko benki, nyingine kiwanja Iyumbu, so ukipima matumizi tu, tajiri anaonekana mfupi kuliko alivyo. Amerika ya Kusini wengi wanapima kipato. Mtu akichukua Gini yetu akaiweka pembeni ya Brazil afu akashangilia kwamba sisi tunakaribiana zaidi, mi huwa nakunywa chai yangu tu.

Hata data moja inatoa namba mbili. Kwa utafiti uleule wa 2017/18 NBS wanasema 0.38, Benki ya Dunia wanasema 40.5 kwa mia, yani 0.405. Hakuna aliyedanganya. Tofauti moja ni kwamba Benki wanagawa matumizi ya kaya kwa vichwa, mtoto na baba sawa, NBS wanagawa kwa "mtu mzima sawia" (kila mtu anahesabiwa kama sehemu ya mtu mzima kulingana na umri na jinsia), na hilo jedwali nitalirudia maana lina vituko.

Na namna ya kuuliza nayo ina mambo. Kuna jaribio lilifanyika hapahapa nchini 2007 mpaka 2008, na Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa, kaya kama 4,000 zikagawanywa makundi 8 kwa bahati nasibu, kila kundi likaulizwa matumizi kivyake: hawa wajaze daftari kila siku, hawa wakumbuke siku 7, hawa siku 14, hawa waseme "mwezi wa kawaida". Nchi moja, miezi ileile, majibu yakatofautiana sana, mpaka kiasi cha umaskini na pengo lenyewe vinabadilika kutegemea umepewa fomu gani. Nilivyosoma hiyo nilikaa kimya kama dakika kumi. Sisi tumechagua siku 7 kwa chakula, mwezi kwa mkaa na sabuni na vocha, mwaka kwa ada na nguo.

27 Mei

Barua ya ruhusa ya utafiti. Ofisi moja inanituma ofisi nyingine, nyingine inasema rudi Alhamisi. Leo imesainiwa. Sina la kuongeza.

3 Juni

Hombolo. Tumefika saa mbili asubuhi, uwele umeshavunwa, mwingine bado umeanikwa, watoto wanafukuza kuku. Mjumbe katupeleka nyumba ya kwanza, bibi mmoja kakaa kwenye kigoda anapepeta. "Mbukwa bibi." "Mbukwa." Mi Chigogo changu kinaishia hapo, akaendelea nacho nikabaki nacheka tu, mjumbe akaingilia.

Bibi swali lake la kwanza: "Nyie ni wa TASAF?" (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini). Nikamwambia hapana bibi, sisi ni wanafunzi. Haikusaidia. Kuanzia hapo kila nilichouliza jibu ni hakuna. Kuku? Hakuna (wanapita miguuni kwetu). Mbuzi? Hakuna. Akiba ya chakula? Hakuna mjukuu wangu, tunalala hivihivi. Na simlaumu hata kidogo. Watu wamezoea kwamba anayekuja na karatasi kuuliza una nini, baada yake linakuja jina kwenye orodha ya kunusuru kaya maskini au halitokei, sasa nani atajisifia mbuzi? Ilibidi mjumbe akae naye pembeni kama nusu saa waongee ya msiba na ya mvua, afu bibi akarudi kasema haya uliza, ila mbuzi ni wa mwanangu.

Hapa ndo utaelewa kwa nini kuuliza hela peke yake kijijini ni kupoteza muda. Bibi wiki nzima katoa kama elfu nne: chumvi, sukari, sabuni, kusaga. Ukiishia hapo ameshakufa kwa njaa. Kumbe wanakula ugali wa uwele wa shambani kwake, mlenda wa kwake, karanga za kwake. Vyote inabidi uvipe bei ya soko la palepale uviingize kama matumizi. Na vipimo vyake ndo shughuli, maana hakuna kilo pale. Kuna kisado, kuna debe, kuna gunia, na debe lenyewe linajazwa kwa kichwa mpaka linamwagika, sasa lita 20 za wapi hizo. Tumekubaliana na mwenzangu tubebe mizani siku nyingine.

Halafu jedwali la mtu mzima sawia. Mwanaume wa miaka 19 mpaka 59 anahesabiwa 1.00. Mwanamke wa umri huohuo 0.88. Mtoto chini ya miaka mitatu 0.40. Bibi wa zaidi ya 60 ni 0.72. Na mvulana wa miaka 15 mpaka 18, subiri, ni 1.20, yani anakula kuliko baba yake. Nikamsomea bibi (ana mjukuu wa miaka 16 pale kwake), akacheka mpaka ungo ukayumba. "Hilo aliyeandika kweli amelea." Ila kwenye 0.72 yake hakucheka. Kasema anayelima hapa ni nani?

Kaya yake inatoka watu wazima sawia 3.04: yeye 0.72, binti yake 0.88, mjukuu 1.20, na wa miaka mitano wa 0.56 ukizungusha... hapana, hiyo ni 3.36. Nimekosea, nimerekebisha. Naacha kosa hapa makusudi, kwa hasira za juani ndo hivi hesabu zinaenda.

11 Juni

Chang'ombe zote 20 tumemaliza ndani ya siku nne, watu wanaongea, wanakukaribisha chai, wanakuuliza umeoa. Shida moja tu, mikopo. Mama anakwambia wiki hii nimetumia laki na nusu, unaandika kwa furaha, kumbe elfu tisini hapo ni marejesho ya kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Marejesho sio matumizi, hajala wala hajavaa, tunayatoa. Kwa karatasi anaonekana kashuka foleni, na ukweli ni kwamba kashuka. Michango ya kikoba tumeiandika pembeni kama akiba.

Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi ule wa 2017/18 ni sh 49,320 kwa mtu mzima sawia kwa mwezi, wa chakula peke yake 33,748. Hizo ni bei za wakati ule, usizichukue ukazibandika kwenye bei za leo za Majengo sokoni. Mwenzangu alitaka kufanya hivyo, nikamkatalia.

18 Juni

Ilazo. Siku ya kwanza, mageti saba, tumeingia moja.

19 Juni

Mageti sita. Sifuri. Moja mlinzi kasema bosi yuko safari, na bosi namuona dirishani anaongea na simu.

23 Juni

Naandika kirefu leo maana nadhani hapa ndo mradi wangu ulipo, sio kule nilipodhani.

Hombolo waliokataa: hakuna. Chang'ombe: mmoja, alikuwa anawahi basi. Ilazo mpaka sasa tumegonga nyumba 22, tumepata 8, na hizo 8 ni zipi? Wapangaji wa vyumba vya uani, mwalimu mstaafu, fundi anayelinda nyumba ambayo haijaisha, kijana wa ofisini anayekaa na wenzake wawili. Zile zenye ukuta mrefu, kamera na gari mbili ndani, zero. Kitabuni ukikosa kaya unachukua ya akiba, jirani. Tukachukua jirani, na jirani aliyekubali ni yule mwenye ukuta wa matofali yasiyopigwa plasta. Yani kila tunapobadilisha tunashuka ngazi moja bila kujua.

Nikarudi kwenye mfano wetu wa kijiweni. Kaya tano, 40, 60, 80, 120, 300, Gini 0.39. Sasa huyo wa 300 akatae kufungua geti, umebaki na wanne. Piga tena: 0.22. Jiji limekuwa la usawa ghafla kwa sababu mlinzi kasema bosi yuko safari. Afu fanya kinyume chake, afungue geti na useme kweli kwamba hatumii 300, anatumia 1,500. Inakuwa 0.66. Kwenye kaya tano, geti moja linakutoa 0.22 mpaka 0.66, na wale wanne hawajaongeza wala kupunguza hata shilingi. Kwenye kaya elfu tisa haitaruka namna hiyo, lakini itasogea, na itasogea upande uleule, chini.

Kule bibi anaficha mbuzi, tunajua anaficha, tuna mjumbe, tuna mbinu. Huyu wa juu hatuna mbinu yoyote, tunaandika "hakupatikana" tunasonga. Nguvu zote za utafiti zimewekwa kumkamata bibi na mbuzi wake.

Nchi nyingine wanachukua kumbukumbu za kodi kuziba hilo tundu, maana tajiri anayemkwepa mdodosaji anakuwa kwenye daftari la kodi. Kwetu nayo inaishia njiani, mshahara unaonekana vizuri, biashara nusunusu, kodi za nyumba za kupangisha ndo usiseme. Na hata mshahara, hapa Dodoma tangu serikali ihamie, ambaye hajakaa na watu wa maofisini haelewi. Yule kijana wa ofisini nilimuuliza kipato kanitajia take home, namba ndogo ya heshima kabisa. Nikamuuliza na posho? Kanyamaza kidogo kasema, "Posho sio kipato, posho ni posho." Alivyotaja siku za safari za mwezi uliopita, posho imeupita mshahara. Mei Mosi ya 2025 pale Singida Rais katangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka 370,000 kwenda 500,000, mtaa mzima ulijadili, na ni vizuri, ila hiyo ni upande wa hela unaoonekana.

Nimemtumia msimamizi ujumbe: naomba wiki mbili za ziada, sio za kaya mpya, za kurudi kwenye mageti yaleyale. Kajibu "wiki moja".

26 Juni

Tumebadilisha mbinu. Tunaenda saa moja usiku na Jumamosi asubuhi, tunaanza na mlinzi, tunaacha barua yenye muhuri na namba ya simu, hatuombi kuingia siku ya kwanza. Mwenzangu kashona shati. Mageti matatu yamefunguka. Mmoja kajibu akiwa amesimama, dakika kumi na mbili, kila kitu "kawaida tu". Chakula kwa wiki? Kawaida tu. Umeme? Kawaida. Nimeandika nilichoweza.

2 Julai

Kusafisha data. Naendesha programu mara ya kwanza, napanga kaya foleni, na kaya tajiri kuliko zote, kuliko Ilazo yote, ni ya bibi wa Hombolo.

Nimekaa nimeangalia. Uwele, debe 8. Kwenye tableti nilichagua kipimo "gunia". Kwenye ile orodha gunia liko chini ya debe, kidole kimeteleza. Bibi aliyekana kuku kawa milionea kwa kidole changu. Nimerekebisha, karudi nafasi yake, ila sasa nina wasiwasi na zile nyingine zote, na wenye makosa madogo hawatojitokeza mwisho wa foleni wakajitambulisha. Tumegawana, kila mtu anapitia fomu za mwenzake.

Pia natoa kitu kinaitwa uwiano wa Palma, kimebeba jina la mchumi wa Chile, José Gabriel Palma: sehemu wanayokula asilimia 10 wa juu ugawe kwa wanayokula asilimia 40 wa chini. Naupenda maana hata mjumbe nilimweleza akaelewa kwa sentensi moja. Gini ukimtajia mtu anadhani ni kinywaji. Ila Palma yenyewe ndo inaegemea kabisa hao 10 wa juu, yani inaegemea mageti, so inanipeleka palepale.

Namba zenyewe siziweki humu. Kaya chache zenye tundu juu, mtu akichukua akaandika "Gini ya Dodoma ni kadhaa" nitajuta.

6 Julai

Geti la mwisho. Mama mwenye nyumba kanipigia mwenyewe, kasema njoo saa mbili usiku nimetoka kazini. Kajibu kila kitu, bila haraka, na risiti kaleta. Ada za watoto, mafuta ya gari, bima, nyama ya wiki. Mahojiano mazuri kuliko yote ya mradi, nilitamani kumshika mkono.

Orodha ya wanakaya: baba, yeye, watoto watatu, na dada wa kazi, miaka 18, katoka Kongwa. Analala hapohapo, anakula chungu kimoja, kanuni tunayotumia inasema huyo ni mwanakaya, unamuandika. Nimemuandika. Programu inachukua matumizi yote ya nyumba, ada, bima, mafuta ya gari, inagawa kwa watu wazima sawia, na kila mwanakaya anapata kiwango kilekile. So dada yuko kwenye asilimia 10 ya juu. Tena kwa jedwali yeye kwa miaka yake ni 1.00 na bosi wake ni 0.88.

Alikuwa anatuletea juisi wakati nahesabu. Nikamuomba mama kama naweza kumuuliza dada maswali mawili, kasema muulize tu. Analipwa elfu sabini, elfu arobaini anatuma kwa mama yake Kongwa kila mwezi, hajanunua nguo tangu aje. Kama mdodosaji mwingine yuko Kongwa usiku huu, hiyo arobaini inaandikwa kule kwenye mstari wa "hela kutoka kwa ndugu wa mjini".

Kwenye tableti hakuna pa kuweka haya. Nimeyaandika nyuma ya daftari langu, ukurasa mmoja na namba za vocha. Kesho nina kikao na msimamizi saa nne, na nimeangalia, katika kaya 13 za Ilazo nilizozipata, 6 zina dada wa kazi au kijana wa bustani anayelala ndani. Namuomba nirudi nikawaulize hao sita. Mizani bado hatujapata.